Tharthara: Neno na Asili Yake

Mjini kwetu palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa baharia. Ujanani mwake alikwenda Ghuba na majahazi yaliyopakia boriti za mikoko, akiondoka na kusi na kurudi na kaskazi. Alifika Maskati, akafika Kuwait, akafika na Basra penye mitende ambayo yeye akisema haina hesabu. Uzeeni kazi yake ilikuwa kukaa barazani. Ukimuuliza bei ya tende sokoni, jawabu lake lilianzia Basra. Kwanza atakueleza mto, kisha mashua zinavyoingia katika vijito vya mashamba kwa kufuata maji kujaa na kupwa, kisha nahodha aliyegombana na msimamizi wa shamba, na mwishowe, ikiwa bado umekaa, atakwambia bei.

Ramadhani moja tulikuwa katika darsa baada ya sala ya alasiri, tukisoma Riyadhus-Salihin ya Imam Nawawi. Tukafika katika mlango wa tabia njema, na mwalimu akasoma hadithi iliyotaja watu wanaoitwa "thartharuun", akaifasiri kwa haraka kuwa ni watu wa maneno mengi. Kijana mmoja akageuka akamtazama yule mzee. Wa pili naye akageuka. Kicheko kikatupitia safu nzima, na mimi ni katika waliocheka. Toka siku ile watoto wa mtaa, ambao hata alifu kwa ujiti walikuwa hawajaimaliza, wakampa jina la Tharthari.

Mzee alisikia, wala hakugomba. Lakini yeye aliyekuwa akikaa katikati ya darsa alihamia mlangoni, na ukimuuliza habari za bahari hujibu kwa neno moja au mawili, kisha huvuta tasbihi yake. Nasi tulikuwa tunaisoma Suratul-Hujurat, na aya yake ya 11 inayokataza kuitana kwa majina mabaya wengi wetu tulikuwa tumeihifadhi. Tulichukua neno katika hadithi ya Mtume (S.A.W.) tukamvika mtu kama kilemba cha ukoka, na neno lenyewe hatukulijua. Nimelirudia baada ya miaka mingi, na niliyoyaona ndiyo haya.

Hadithi yenyewe imepokewa na Sayyidna Jabir bin Abdillahi (R.A.), na aliyeitoa ni Imam Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 wa Hijra (892). Maana yake ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia masahaba wake kuwa awapendao zaidi na watakaokaa karibu naye zaidi siku ya Kiyama ni wale wenye tabia nzuri kuliko wenzao, na awachukiao zaidi na watakaokuwa mbali naye zaidi ni makundi matatu: thartharuun, mutashaddiquun na mutafayhiquun. Masahaba wakasema kuwa haya mawili ya kwanza wanayajua, lakini hao mutafayhiquun ni nani? Akawajibu kuwa ni wenye kutakabari.

Jawabu hilo tuliliwahi siku ile kwa masikio tu, maana tulikuwa tumeshaanza kucheka.

Natuanze na neno la kwanza. Waarabu wana chemchemi ambayo huiita "tharra", nayo ni ile yenye maji mengi yanayobubujika bila ya kukatika. Wingu lenye mvua nyingi huliita hivyo hivyo, na ngamia jike mwenye maziwa tele, na hata jeraha la mkuki linalofoka damu. Katika herufi hizo likatoka "tharthara", kumwaga maneno kama chemchemi inavyomwaga maji, na mwenye tabia hiyo akaitwa "tharthaar". Sisi Waswahili maneno yetu ya aibu hii tumeyatoa mdomoni na katika sauti yake: domokaya, mpayukaji, kubwabwaja, kuropoka. Mwarabu wa jangwani alitazama maji. Nayo maji kwake yeye ni kitu adhimu, basi inashangaza kidogo kuwa kitu apendacho kuliko vyote ndicho alichokitolea neno la lawama.

Mwanachuoni wa lugha Abul-Abbas al-Mubarrad, mtu wa Basra aliyefariki Baghdad mwishoni mwa karne ya 3 ya Hijra, aliiweka hadithi hii mwanzoni kabisa mwa kitabu chake maarufu kiitwacho al-Kamil. Yeye anaeleza kuwa thartharuun ni wale wanaozidisha maneno kwa kujilazimisha na kwa kuvuka mpaka wa haki, kisha anairudisha asili ya neno kwenye ile chemchemi kubwa, na anataja kuwa uko mto mmoja ulioitwa ath-Tharthar kwa sababu ya wingi wa maji yake.

Mto huo upo. Uko Iraq, katika ardhi iliyo baina ya Dijla na Furati, na Mubarrad hakuzidisha neno juu yake. Aliyeueleza vizuri ni Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 626 wa Hijra (1229), mtu aliyezunguka dunia kwa biashara ya vitabu na akaandika kamusi kubwa ya miji na mito. Yaqut anasema ameuona kwa macho yake si mara moja. Ni bonde kubwa katika nchi iliyo baina ya Sinjar na Tikrit, linapita penye magofu ya mji wa Hadr na kumwagikia katika Dijla chini ya Tikrit. Mvua zikiwa nyingi bonde hufurika. Lakini wakati wa kiangazi, anasema, hakuna kitu humo ila vidimbwi, na maji ya moto, na vijichemchemi vichache vya chumvi. Watu walimhadithia kuwa zamani vyombo vilikuwa vikipita humo na vijiji vilikuwa vingi kandokando yake. Yeye hakuvikuta.

Basi mto uitwao Msemaji-sana ulikuwa umekauka, na jina limebaki.

Na habari yake haikuishia hapo. Mwaka 1954 Dijla ilifurika ikauhatarisha mji wa Baghdad, na mwaka 1956 Wairaqi walifungua boma la Samarra, ambalo kazi yake ni kuyageuza maji ya mafuriko yaingie katika bonde kubwa lililokuwa kavu kusini mwa mto huo. Bonde likawa ziwa, nalo likaitwa kwa jina lile lile, Ziwa Tharthar, kaskazini magharibi ya Baghdad. Baghdad ikasalimika. Lakini ardhi ya bonde lile ina jasi na chumvi, na maji matamu ya Dijla yakikaa humo hutoka yakiwa na chumvi zaidi kuliko yalivyoingia, na wakulima wa chini ndio wanaoipata taabu yake. Maji ya ziwa hilo yakirudi mtoni huteremka pamoja na Dijla na Furati mpaka Shattul-Arab, na huko ndiko Basra, na Basra ndiko alikofika mzee wetu na boriti zake.

Neno la pili ni jepesi. "Shidq" ni pembe ya mdomo, na "mutashaddiq" ni mwenye kuupanua mdomo mpaka pembeni, akilijaza kila neno hewa ili asikike kuwa ni fasihi. Tirmidhi mwenyewe, baada ya kuitaja hadithi, ameongeza kuwa huyu ni yule anayejitukuza juu ya watu kwa maneno na kuwatolea ufedhuli. Iko na hadithi nyingine, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inayoeleza kuwa Mwenyezi Mungu humchukia mtu wa ufasaha anayeupindapinda ulimi wake kama ng'ombe anavyoupinda ulimi akila majani. Mwenye kufuga ng'ombe na akasikia hotuba zetu hahitaji tafsiri.

Neno la tatu ndilo walilouliza masahaba, na hapa natukae kidogo. Asili yake ni "fahq", nayo ni kujaa. Bwawa likijaa maji hata pasiwe na nafasi ya tone moja zaidi, Mwarabu husema limefahiqa. Chombo kikijaa mpaka kikamwagika ni vivyo hivyo. Mutafayhiq, kwa kamusi, ni aliyejaza mdomo maneno hata yakamiminika. Ukitazama basi, maneno yote matatu kwa kamusi yanakaribia kuwa ni kitu kimoja: maji mengi, mdomo mpana, chombo kilichofurika. Masahaba walikuwa Waarabu, na baadhi yao ni mafundi wa lugha, na kujaa kwa bwawa walikujua. Lakini walipouliza hawakupewa maana ya kamusi. Hawakuambiwa "ni wenye kujaza midomo". Waliambiwa ni wenye kiburi.

Kwa hivyo hadithi iliyoanza na tabia njema imeishia kwenye kiburi, na wingi wa maneno umewekwa baina ya hivi viwili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amelifahamu hivi hivi, kwani katika Riyadhus-Salihin anamfasiri tharthaar kuwa ni mwingi wa maneno kwa kujikalifisha, na mutafayhiq kuwa ni mwenye kujaza mdomo wake na kujipanua katika usemi kwa kutakabari na kuonyesha kuwa yeye ni bora kuliko wengine. Angalia neno hilo la kujikalifisha, ambalo Mubarrad amelisema kabla yake kwa karne nne. Mwalimu wetu, Mungu amsamehe, alilipitia haraka kwa sababu adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia na kila mtu anafikiri uji. Nusu ya tafsiri ilisomwa na nusu ikabaki kitabuni, na iliyobaki ndiyo iliyokuwa na kazi.

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Hiyo ni kweli, lakini mtu wa hadithi hii si debe tupu. Yeye amejaa. Huenda amejaa elimu, na vitabu amesoma, na Kiarabu chake hakina kasoro. Na kujaa huko ndiko kunakomwagika juu ya wenziwe. Sisi siku zote tunamtafuta tharthaar katika walio chini: wanawake wakiwa kisimani, wazee wakiwa barazani, watoto wakitoka chuoni. Hatumtafuti juu ya mimbari wala mbele ya kipaza sauti.

Mtu asije akadhani kuwa kila kirefu kimelaumiwa. Imam Muslim amepokea kwa Amr bin Akhtab (R.A.) kuwa siku moja Mtume (S.A.W.) alisali alfajiri, akapanda mimbari, akawahutubia watu mpaka adhuhuri, akashuka akasali, akapanda tena mpaka alasiri, akashuka akasali, akapanda tena mpaka jua likachwa, akiwaeleza yaliyokuwa na yatakayokuwa. Siku nzima! Wala hakuna aliyesema ni tharthara. Na wanavyuoni wa balagha wana neno "itnaab", ambalo ni kurefusha maneno kwa faida. Hilo halina aibu ndani yake, maana asili yake ni kamba ya hema: hema likiwa kubwa kamba huwa ndefu. Wakaliweka mbali na "tatwiil" na "hashwi", nazo ni kurefusha na kujaza pasipo na haja. Neno jingine ni "is'haab", la kurefusha usemi, lenye udugu na "sahb", jangwa pana lililo wazi. Na kisima chenye kina kirefu hata maji yake hayafikiwi nacho hutajwa kwa herufi hizo. Hema, jangwa na kisima: mwenye lugha yake alijua kuwa refu na refu hazilingani.

Lakini siku ile moja ni siku moja. Ada yake Mtume (S.A.W.) ilikuwa nyingine. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Na yuko tabii mmoja wa Kufa, huko huko Iraq, aitwaye Abu Wail, aliyetuhifadhia visa viwili vilivyomtokea mbele yake. Cha kwanza ni cha Sayyidna Ammar bin Yasir (R.A.), aliyewahutubia akafupisha na akafikisha. Aliposhuka wakamwambia laiti angeendelea kidogo. Akawajibu kuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa urefu wa sala ya mtu na ufupi wa hotuba yake ni dalili ya ufahamu wake. Kisa cha pili ni cha Sayyidna Abdullah bin Masud (R.A.), aliyekuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akamtaka awawaidhi kila siku. Akakataa, akasema kuwa anachelea kuwachosha, na kwamba Mtume (S.A.W.) akiwafanyia wao hivyo hivyo.

Visa vyote viwili watu ndio wanaoomba zaidi na msemaji ndiye anayejizuia. Kwetu mara nyingi ni kinyume. Nimewahi kukaa katika hotuba ya Ijumaa ambayo hamali waliokuwa nje juani walianza kuondoka mmoja mmoja, wakarudi kazini bila ya kusali, na hatibu yu katika kueleza tofauti ya nahau ambayo hakuna aliyemuuliza. Sitaji msikiti. Alikuwa mtu mwenye elimu.

Sasa narudi kwa mzee, na haki ni kusema na yanayomdhuru. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika Ihya Ulumid-Din ametenga kitabu kizima cha maafa ya ulimi akayahesabu kuwa ni 20. La kwanza ni kusema yasiyokuhusu, na mfano alioupiga ni mfano wa mzee wetu hasa: mtu anayekaa na watu akawahadithia safari zake, na milima na mito aliyoiona, na yaliyompata, na vyakula na nguo za watu wa huko. Ghazali anasema kuwa mtu huyu angenyamaza asingepata dhambi. Na hata akijitahidi asiongeze wala asipunguze, wala asijisifu, wala asimsengenye mtu, bado amepoteza wakati wake. Hukumu hiyo ni nzito, na mimi siwezi kuipinga. Ila naona kuwa Imam ameiweka katika afa la kwanza na kuiita kupoteza wakati, na tashadduq ameiweka peke yake katika afa la sita. Hakuyachanganya. Sisi tuliyachanganya kwa kicheko kimoja. Na nathubutu kuongeza kwa upande wangu kuwa vijana watatu wa mtaa wetu waliokwenda kufanya kazi baharini walijua kaskazi na kusi, na bandari za njiani, na adabu ya kukaa na nahodha, kwa sababu ya maneno hayo ya barazani. Kama hiyo ni hasara, basi ni hasara iliyoacha faida kidogo.

Afa la pili kwa Ghazali linaitwa "fudhuulul-kalaam", maneno ya ziada, na hapa liko neno ambalo tunalo nyumbani bila ya kulitambua. Asili ya "fudhuul" ni f, dh, l, yaani kuzidi na kubakia. Katika asili hiyo tumepata fadhila, kile alichokuzidishia mtu zaidi ya haki yako. Tumepata afadhali, chenye kuzidi chenziwe kwa ubora. Na tumepata fidhuli. Kwa Kiarabu "fudhuuli" ni anayejiingiza katika lisilo lake, na mafakihi humwita hivyo mtu anayeuza mali ya mwenziwe bila ya kuwakilishwa. Na katika madhehebu ya Imam Shafi biashara yake haisihi. Neno lilipovuka bahari likaja kwetu likawa ni mwenye jeuri na dharau. Waswahili wa zamani hawakusoma Tirmidhi ndipo wakalibadilisha, walilibadilisha kwa kuishi na watu. Lakini njia waliyopita ni ile ile ya jawabu la Mtume (S.A.W.): wameanza na cha ziada wakaishia kwenye kiburi. Kwa hivyo lile kundi la tatu tunalo jina lake katika Kiswahili safi, nasi hatujapata kumwita nalo hatibu hata mmoja.

Mzee amekwishafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sikuwahi kumtaka radhi. Nilikuwa nikisema nitakwenda kesho, na alikuwa mtu ambaye ukienda kwake ujue huondoki upesi.

Nyumba yake ipo bado, na mtaa mzima huiita "kwa Tharthari". Hivi karibuni mjukuu wake, mtoto wa madrasa, alinisimamisha njiani baada ya magharibi. Akanishika mkono akaubusu, akaniuliza: "Babu, Tharthari maana yake nini? Mwalimu amecheka hataki kuniambia." Nilimwambia kuwa ni mto mkubwa ulioko Iraq, na kwamba maji yake humwagikia katika mto ambao babu yake alifika mpaka mwisho wake. Akaniuliza kama babu yake aliyaona maji hayo. Nikamwambia aliyaona. Kisha akataka nimweleze alivyofika huko, nami nikatafuta pa kukaa.